Kivuli Kisichofutika Katika Kioo cha Simu

Miembeni ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Bukoba, na kama ilivyo katika miji yetu mingine, mafundi wa simu hawakosekani huko. Mezani kwao hufikishwa simu zilizoanguka, simu zilizokataa kupokea chaji, na simu zilizolowa, kwa kuwa mvua ya Bukoba si ya kubahatisha. Lakini siku hizi huletwa pia simu ambayo haikuanguka wala haikulowa. Inapiga, inapokea, inatoa picha nzuri, inatuma fedha. Kasoro yake ni moja tu: mwenyewe akifungua ukurasa mweupe, huona sehemu ya chini ya kioo umbo hafifu la vitufe vya kuandikia, na sehemu ya juu alama ya saa na ya betri, mithili ya maandishi ya ubaoni yaliyofutwa kwa dasta kavu. Akifungua ukurasa mwingine, umbo ni lile lile, mahali ni pale pale.

Wengine hukiita kivuli. Wengine husema kioo kimeungua. Vyovyote kitakavyoitwa, mwenye simu huambiwa mojawapo ya mambo matatu. Huambiwa kwamba simu imeingiwa na virusi, basi na ifutwe yote iliyo nayo ianzishwe upya. Au huambiwa ipo programu ya kusafisha kioo, ambayo huwasha rangi nyekundu, kijani na buluu kwa kupokezana usiku kucha, na kwamba kukicha kivuli kitakuwa kimekwisha. Au huambiwa hakuna dawa ila kubadili kioo kizima. Jambo la kwanza ni uongo mtupu. La pili ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. La tatu lina ukweli, ila mara nyingi ni gharama isiyokuwa na lazima.

Si jambo dogo kama linavyoweza kudhaniwa. Mwalimu anayetoka Muleba kwenda Bukoba mjini na fedha alizoweka kwa miezi kadhaa, akanunua simu ya mtumba, kisha akagundua usiku wa kwanza kwamba kioo kina kivuli, amepata hasara ambayo hakuna wa kumfidia. Akirudi kwa fundi akatozwa fedha nyingine kwa ajili ya dawa isiyotibu, hasara imekuwa mbili. Na chanzo cha zote mbili ni kutojua jambo moja ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulielewa kwa kipindi kimoja cha Fizikia: kivuli cha kudumu si kitu kilichoongezeka juu ya kioo hata kiweze kuondolewa. Ni kitu kilichopungua ndani yake.

Vioo vya simu vilivyo madukani leo ni vya namna mbili, na lazima vitenganishwe, maana ugonjwa wa kimoja si ugonjwa wa kingine. Namna ya kwanza ni LCD, na hiyo ndiyo iliyomo katika simu nyingi za bei nafuu. Ndani yake mna tabaka jembamba la fuwele kimiminiko, yaani kitu kinachotiririka kama maji, lakini molekuli zake hujipanga kwa utaratibu kama zilivyo katika kigumu. Kitu hicho kilitambuliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliyekuwa akichunguza kolesteroli iliyotokana na karoti, wala hakuwa akiwaza habari za picha. Aliona kampaundi moja ikiyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa kimiminiko chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka. Ilipita miaka 80 ndipo, mwaka 1968, kampuni ya RCA ya Marekani ilipoonyesha hadharani vioo vya picha vilivyotumia fuwele za namna hiyo.

Fuwele hizo hazitoi mwanga. Nyuma yake kuna taa, nazo kazi yake ni ya pazia: umeme ukizigusa hugeuka, zikaupisha mwanga au zikauzuia. Ili zisiathirike, umeme huo hubadilishwa mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Hata hivyo picha moja ikikaa muda mrefu, chembe chache zenye chaji, ambazo ni uchafu uliosalia katika kimiminiko, husogea taratibu na kujikusanya upande mmoja. Picha inapobadilishwa, chembe hizo huendelea kuzivuta fuwele kwa kitambo, na hapo mtu huona mzuka wa picha iliyopita. Simu ikizimwa kwa saa chache, au ikionyesha picha nyingine, chembe hutawanyika na mzuka hupotea. Hili lafaa liitwe baki la picha. Hupona, na kwa kawaida hupona bila kutibiwa.

Namna ya pili huandikwa OLED au AMOLED kwenye boksi, nayo ndiyo wauzaji huisifu kwa weusi wake wa kweli na rangi zake kali. Msingi wake ni kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Eastman Kodak, walioeleza mwaka 1987 jinsi matabaka membamba mno ya kampaundi za kikaboni yanavyoweza kutoa mwanga mkali yakipitishiwa umeme wa volti chache tu. Hapa hakuna taa ya nyuma wala pazia. Kila pikseli ni kikundi cha taa ndogo sana, nyekundu, kijani na buluu, na kila taa huwaka kwa kiasi chake yenyewe. Palipo na weusi taa zimezimwa kabisa. Palipo na weupe zote zinawaka. Uzuri wote wa kioo hiki umetokana na jambo hilo, na udhaifu wake vile vile, kwa kuwa taa zisizowaka sawa hazizeeki sawa.

Kuzeeka kwenyewe ni habari ya Kemia. Molekuli za kikaboni zimejengwa kwa minyororo na pete za kaboni, kama mwanafunzi anavyozichora daftarini. Elektroni inapoingia katika nafasi iliyo wazi ndani ya molekuli hizo, nishati inayopatikana hutoka ikiwa mwanga. Lakini si kila mara. Mara moja moja sana nishati hiyo, badala ya kutoka, hukata kifungo cha kikemia, na molekuli iliyokatika haitatoa mwanga tena. Tena huweza kuimeza bure nishati ya jirani zake. Tukio hilo ni nadra mno, ila taa ya simu huwaka kwa maelfu ya saa, na nadra iliyorudiwa mara nyingi huwa kawaida.

Rangi ya buluu ndiyo inayoumia zaidi. Fotoni moja ya mwanga mwekundu hubeba nishati ya elektroni-volti 2.0 hivi, ya kijani 2.3, na ya buluu 2.7, na vipo vifungo katika molekuli za kikaboni ambavyo nguvu yake ni kiasi cha 3 tu. Nyekundu iko mbali na hatari, buluu inacheza ukingoni mwa shimo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huzifanya taa za buluu kuwa pana kuliko za kijani, ili mkondo usambae na kila sehemu ibebe mzigo mdogo. Kwa sababu hiyo pia mahali palipoonyesha weupe kwa muda mrefu huingia umanjano: buluu imepungua, na nyekundu na kijani zikichanganyika huleta manjano. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia uchanganyaji wa rangi za mwanga asiende mbali.

Mfano wa kueleza habari yote hii kwa mtu asiyesoma Kemia upo katika kila mtaa wenye duka la nguo. Mwenye duka huikunja kanga na kuitundika mlangoni ipate kuonekana. Baada ya miezi mingi, anapoikunjulia mnunuzi, huona mstatili uliopauka pale palipotazama jua. Hakuna atakayeifua kanga ile kwa sabuni ili autoe mpauko, kwa maana mpauko si uchafu. Ni rangi iliyoondoka. Wala hakuna atakayeianika yote juani hadi kila upande upauke sawa, kisha akaiita mpya. Lakini hilo la mwisho ndilo hasa lifanywalo na programu za kusafisha kioo zikitumiwa katika simu ya OLED. Zinapowasha rangi zote usiku kucha kwa mwanga mkali, hazirudishi molekuli hata moja iliyokatika. Zinachofanya ni kuzichosha taa zilizokuwa bado nzima. Zikichoshwa vya kutosha, tofauti hupungua, kivuli huonekana kufifia, na mwenye simu hufurahi. Amelipa fedha ili kioo chake kizeeke mapema.

Na hapo ndipo ilipo ile nusu ya ukweli. Programu kama hiyo ikitumiwa katika simu ya LCD yenye baki la picha, asubuhi mzuka unaweza kweli kuwa umetoweka, ingawa ungetoweka hata kama simu ingelala imezimwa. Mtu mmoja akiona hivyo humsimulia mwenzake mwenye kioo cha namna nyingine, na dawa isiyokuwa dawa hupata sifa. Katika mambo ya tiba za binadamu watu wameyaona mengi ya namna hiyo.

Neno "kuungua" nalo limechangia kupotosha. Asili yake ni televisheni na kompyuta za zamani zenye mrija mkubwa wa kioo, ambamo elektroni ziligonga unga uliopakwa nyuma ya kioo ili utoe mwanga. Palipogongwa mno unga ulichakaa na kuwa na weusi, hata mashine ikiwa imezimwa umbo liliweza kuonekana kama limechomwa kwa pasi. Katika ofisi za Marekani na Ulaya za miaka ya 1980 kompyuta zilionyesha jedwali moja kutwa, ndipo zikabuniwa programu za kuleta picha zinazotembea pindi mtu anapokaa bila kuandika. Waliokuja nyuma walizitumia kama mapambo tu, bila kujua zilianza kwa ajili gani. Kwetu somo hilo lilichelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja mpaka 1994 kupata vituo vyake, na kwa kaya nyingi za vijijini kioo cha kwanza kumilikiwa ni cha simu. Jina la ugonjwa limefika kabla ya ujuzi wa ugonjwa wenyewe. "Kivuli" ni jina bora zaidi, kwa kuwa kivuli nacho si kitu. Ni mahali ambapo mwanga umepungua.

Yafaa ieleweke kwamba watengenezaji wenyewe hawana dawa. Wanachoweza ni kuchelewesha na kuficha. Saa inayoonekana kiooni wakati simu imelala husogezwa kidogo kidogo, ili taa zile zile zisibebe kazi yote. Katika baadhi ya vioo huwekwa hesabu ya jinsi kila sehemu ilivyotumika, na sehemu iliyochoka huongezewa mkondo ili ifanane na nyingine. Lakini mkondo ukiongezeka, na uchovu huongezeka. Hata kampuni kubwa haziepuki. Mwezi Oktoba 2017, simu ya Google Pixel 2 XL ilipotoka, ilichukua majuma machache tu wanunuzi na waandishi wa habari wakaanza kulalamika kwamba alama za vitufe vya chini zimebaki kiooni. Google ilirefusha dhamana ya simu hiyo kuwa miaka miwili na kurekebisha programu zake ili vitufe vififie visipotumiwa. Mwaka huo huo Apple ilitoa iPhone X, simu yake ya kwanza yenye kioo cha OLED, na katika maelezo yake kwa wanunuzi ikakiri kwamba vioo hivyo huweza kubakiza picha baada ya matumizi ya muda mrefu. Mwenye kiwanda amekiri. Haielekei fundi wa mtaani awe na siri iliyomshinda mwenye kiwanda.

Ikiwa hakuna dawa, je, ni lazima kioo kibadilishwe? Hapa ndipo wengi hupoteza fedha bila sababu. Jicho la binadamu ni hodari sana wa kuona kingo. Sehemu mbili zilizopakana, zikipishana kwa asilimia chache tu za mwanga, jicho hutambua umbo. Simu yenye kivuli kinachomkera mwenyewe yaweza kuwa bado inatoa zaidi ya tisa ya kumi ya mwanga wake wa awali. Inasomeka, inapiga, inatuma. Ni kanga iliyopauka, si kanga iliyochanika. Kubadili kioo cha OLED kwa kioo halisi ni ghali, na huweza kukaribia bei ambayo simu nzima ingeuzwa ikiwa mtumba. Kwa hiyo sokoni hupatikana vioo vya bei ndogo vya LCD vilivyoundwa vikae mahali pa OLED. Mteja asiyeambiwa huondoka akifurahia kwamba kivuli kimeondoka, kisha hugundua kwamba weusi umekuwa wa kijivu, chaji inakwisha upesi, na pale alipokuwa akigusisha kidole kiooni ili simu ifunguke hapasikii tena, kwa kuwa kihisi kilichokuwa chini ya kioo hakiwezi kuona kupitia kioo hicho kipya. Fundi mwaminifu humweleza mteja mambo hayo kabla hajashika bisibisi. Mafundi waaminifu wapo, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na wenzao wanaouza uongo.

Upande wa wauzaji wa simu za mtumba kuna jambo la kusemwa bila kuzungukazunguka. Simu iliyo hatarini kuliko zote ni ile iliyokuwa ya maonyesho dukani, iwe ni Dubai au kwingineko, ikawaka tangu asubuhi hadi usiku kwa mwanga wa juu kabisa ikirudia tangazo lile lile. Inayofuata ni ile iliyokuwa chombo cha kazi, mathalani ya wakala wa fedha ambaye ukurasa mmoja hauondoki mbele yake kutwa. Simu za namna hizo husafishwa, huwekwa kwenye boksi jipya, na huonyeshwa kwa mnunuzi zikiwa na picha ya rangi nyingi yenye giza giza, ambamo kivuli hakionekani. Kuuza simu yenye kivuli si kosa. Kosa ni kuificha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji; lakini mlaji asiyejua namna ya kutazama hatajua hata kwamba alipotoshwa.

Namna ya kutazama ni rahisi mno, na ingepasa kujulikana na kila mtu anayenunua simu. Mnunuzi ahamie kivulini, mbali na jua la barazani. Afungue picha ya kijivu isiyo na kitu, ijae kiooni kote, kwa kuwa kijivu hudhihirisha tofauti ndogo kuliko weupe mkali. Kisha atazame picha ya nyekundu tupu, ya kijani tupu na ya buluu tupu. Kivuli kikiwapo kitaonekana, na katika buluu kitaonekana zaidi. Akitaka kujua kioo ni cha namna gani, afungue picha nyeusi mahali penye giza: LCD itaendelea kung'aa kidogo, kwa sababu taa ya nyuma haijazimwa, OLED itakuwa nyeusi kama simu iliyozimika. Yote hayo hayachukui dakika tano. Muuzaji anayekataa kuyafanya ametoa jibu tayari.

Watakaosema kwamba wananchi hawawezi kufundishwa jambo kama hilo wakumbuke mwaka 2016. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotangaza kwamba simu bandia zitazimwa mwezi Juni wa mwaka huo, watu wa mijini na vijijini walijifunza kubonyeza *#06# na kuisoma namba ya utambulisho wa simu. Wauza samaki walijua, wazee walijua, na mjukuu alimfundisha bibi yake. Picha ya kijivu si ngumu kuliko namba yenye tarakimu 15.

Kuhusu kuitunza simu maneno machache yanatosha. Adui ni mwanga mkali, muda mrefu, na joto. Wataalamu hukadiria kwamba mwanga ukiongezwa maradufu, umri wa taa za OLED hupungua mara tatu hivi, wala si mara mbili kama mtu angedhani. Bukoba iko karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi moja na theluthi kusini yake, na jua la mchana humfanya dereva wa bodaboda aupandishe mwanga wa simu hadi mwisho ili aione; hilo haliepukiki. Linaloepukika ni kuuacha juu vile vile hadi usiku, na kuiacha simu ikiwaka kifuani au mezani inapochajiwa, wakati imepata joto. Ukurasa wenye maandishi meupe juu ya weusi huzipumzisha taa nyingi. Mengine ni ya kujitesa bure: simu ilinunuliwa itumike.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi inahusu shule. Fizikia ya sekondari ina mada ya elektroniki, na Kemia ina kaboni na kampaundi zake pamoja na kasi ya mabadiliko ya kikemia. Mwanafunzi huyasoma hayo kwa Kiingereza, huyakariri, huyajibu katika mtihani, kisha hutoka nje ya lango na kumwambia mama yake kwamba simu imeingiwa na virusi. Haijulikani ni wapi elimu ile imepotelea katika mwendo wa hatua mia moja. Sehemu ya sababu ni lugha: dayodi amekutana nayo kwa Kiingereza darasani, na kioo amekutana nacho kwa Kiswahili au kwa Kihaya nyumbani, wala hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Sehemu nyingine ni ile desturi ya kuamini kwamba sayansi huanzia katika kifaa kilichoagizwa kutoka nje na kufungiwa kabatini. Shule nyingi hukataza wanafunzi kuja na simu, na zina sababu zao. Amri hiyo haimkatazi mwalimu kuileta yake.

Simu kuukuu yenye kivuli, ambayo fundi wa Miembeni angeiuza kwa bei ya vipuri, ni kifaa cha maabara kinachofaa darasa zima. Inahitajika pamoja nayo mita ya kupimia umeme na kinzani moja ya namna inayobadilika kwa mwanga, ambayo hugharimu fedha kidogo. Chumba kifunikwe madirisha. Simu ionyeshe rangi moja tupu, na mwanga wake ufungwe katika kiwango kimoja, usiachwe ujirekebishe wenyewe. Kinzani iwekwe juu ya mahali penye kivuli, isomwe, kisha iwekwe sentimita chache pembeni, mahali pasipo na kivuli, isomwe tena. Ifanywe hivyo kwa nyekundu, kwa kijani na kwa buluu, na kila kipimo kirudiwe angalau mara tano na wanafunzi tofauti, kwa maana mkono wa kila mmoja una kosa lake. Kwa yale yaliyoelezwa hapo juu, tofauti katika buluu yatarajiwa kuwa kubwa kuliko katika nyekundu. Ikitokea vinginevyo, darasa lisifute majibu ili yafanane na makala. Litafute kwanza ukurasa gani simu ile ilizoea kuonyesha, na ulikuwa wa rangi gani.